Injini ya lori kwenye chombo cha baharini: naomba ushauri kabla sijaanza kukata chuma

Tumbo Pana (mwenye uzi)
Habari zenu wakuu. Nina chombo cha mbao, mita 12 kwenye mstari wa maji, kizito, cha mizigo na si cha mbio. Nimepata injini ya lori, Mercedes OM352: silinda sita, haina turbo, pampu ya dizeli ya Bosch isiyo na umeme wowote, nguvu farasi kama 130. Imefunguliwa na kupimwa, krenki na silinda ni nzima.

Nimeshauriwa mambo mawili yanayonitia shaka. La kwanza, nitoe rejeta na pampu ivute maji ya bahari moja kwa moja hadi kwenye bloku, yaani mwili wa injini. La pili, nitumie gia boksi yake ileile ya lori, kwa kuwa rivasi inayo tayari. Ekzosi nayo sijui niitoe wapi, chumba cha injini ni kidogo na kila upande ni mbao. Chombo kitabeba watu, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Naombeni mnielekeze.

Fundi Nozeli
Mkuu, injini umepata. Wala hufanyi jambo geni: zile Ford Lehman zilizojaa kwenye maboti zilianzia kwenye injini za malori ya Ford, na Perkins 6.354 imefanya kazi kwenye malori, mashambani na majini.

Ila maji ya bahari yasiingie kwenye bloku. Chumvi huanza kuganda kwenye kuta maji yakikaribia nyuzi 60, na injini hii inataka kufanya kazi kwenye 80 hivi. Ukiiendesha baridi ili chumvi isigande, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka na silinda zinalika mapema. Ukiiendesha kwenye joto lake, njia za maji zinaziba, na kutu inakula chuma taratibu. Hakuna namna ya kukwepa yote mawili.

Weka maji safi yenye kulanti ndani ya injini, yazunguke yenyewe, na thermostati yake ibaki. Kuyapoza kuna njia mbili. Ya kwanza ni kipozeo cha mirija: maji ya bahari yanapita ndani ya mirija, ya injini yanapita nje yake. Hapo utahitaji pampu ya pili yenye impela ya mpira (gurudumu dogo la kusukuma maji), chujio, na vipande vya zinki vinavyolika badala ya chuma, vya kubadilisha kila vikiisha. Ya pili ni mabomba ya kupozea yaliyofungwa nje ya chombo, kando ya mkuku (uti wa chini wa chombo). Maji ya injini yanashuka humo, bahari inayapoza, yanarudi. Kwa chombo cha mizigo mimi nachagua mabomba bila kusita. Mchanga na tope havina impela ya kutafuna. Sharti moja: yakingwe na mkuku ili chombo kikipwelewa yasibondeke, na injini isiachwe ikinguruma chombo kikiwa kikavu.

Shafti Ndefu
Nimeona vyombo vyenye gia boksi ya lori vikifanya kazi miaka. Tusimtishe mwenzetu.

Mama Tezi
Kaka, vipo kweli, lakini uliza kilichofungwa nyuma yake. Propela haizunguki tu, inasukuma. Ule msukumo wote unarudi kwenye shafti na unaishia kwenye beringi ya kwanza itakayoukuta. Kwenye lori msukumo unaishia kwenye ekseli na fremu, gia boksi haikuwahi kuubeba. Kwa hiyo wanaotumia gia boksi ya lori na ikadumu, wameweka beringi ya msukumo peke yake katikati ya shafti, imefungwa kwenye magogo yanayobeba injini.

Halafu kuna mzunguko. Chombo kizito kinataka propela kubwa inayozunguka polepole. Gia kubwa ya lori haipunguzi kitu, propela itazunguka mara 2,800 kwa dakika, sawa na injini ikiwa mwisho. Ukishusha gia ili ipungue, unailazimisha gia iliyotengenezwa kupandia mlima ifanye kazi kutwa nzima. Tafuta gia boksi ya majini yenye punguzo la 3 kwa 1, hapo propela inaishia kwenye 930 hivi. Kama fedha ni chache, punguza kwingine kote, hapa usipunguze.

Na usihangaike na mwendo. Chombo cha mita 12 kisichopanda juu ya maji kitaishia kwenye maili 8 na kidogo za bahari kwa saa. Ukiongeza nguvu hapo unaongeza mawimbi tu.

Fundi Nozeli
Dada amesema kweli tupu. Naongeza kuhusu propela, maana ndiyo inayoua injini nyingi za malori zikifika majini. Lori hupumzika likiteremka, chombo hakina mteremko. Nguvu inayoliwa na propela hupanda haraka kuliko mzunguko: kwenye 2,000 inakula kama asilimia 36 tu ya ile ya 2,800. Endesha safari zako hapo na injini itadumu hadi kwa wajukuu. Siku ya majaribio, pakia mzigo, kanyaga mpaka mwisho. Ikifika 2,800, sawa. Ikigoma kwenye 2,400 na moshi mweusi, propela ni kubwa mno au mapanga yake yamelala vibaya, ipunguzwe. Usikubali kuambiwa itazoea.

Soma pia kibati cha gavana (kidhibiti mzunguko wa injini) nyuma ya pampu ya dizeli. Kimeandikwaje?

Tumbo Pana
Kimeandikwa RQ, na namba 300/1400.

Fundi Nozeli
Hiyo 1400 ni mzunguko wa pampu, ambao ni nusu ya injini, yaani 2,800. RQ inashika mzunguko wa chini kabisa (sailensa) na wa mwisho tu, katikati mguu wa dereva ndio gavana. Baharini propela ikitoka nje ya maji kwenye wimbi, injini itaruka. Mpelekee fundi pampu akuwekee gavana inayoshika mizunguko yote, RQV au RSV.

Mama Tezi
Ekzosi: ukichagua mabomba ya mkuku, huna maji ya bahari ya kumwagia moshi. Basi iwe kavu, ipande juu wima. Moshi unaweza kuvuka nyuzi 500, kwa hiyo funga bomba lote kwa kizuia joto, liache nafasi na mbao, na weka kipande kinachonesa karibu na manifoldi (pale moshi unapotokea kwenye injini) ili mtikisiko usipasue. Sehemu ya chini iwe na kitobo cha kutolea maji ya mvua. Na chumba kipate hewa ya kutosha, feni ya lori haipo tena.

Tumbo Pana
Asanteni sana. Nimeamua: mabomba ya mkuku, gia boksi ya majini, ekzosi kavu. Injini italala kidogo kuelekea tezi (nyuma ya chombo), kuna shida? Na shafti niinyooshe nchi kavu?

Shafti Ndefu
Angalia mdomo wa kuvutia oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) uko mbele au nyuma, kwa mlalo huo usiachwe mkavu. Shafti ipange nchi kavu, lakini usikaze kabisa. Mbao hubadilika umbo zikinywa maji. Subiri siku kadhaa chombo kikiwa kinaelea, pima tena nafasi kati ya flenji (sahani zinazounganisha gia boksi na shafti) kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Kwa flenji ya milimita 100, tofauti isizidi 0.1 pande zote, ndipo ukaze.