Wolverine wa nani achorwe saluni: wa Byrne, wa Jim Lee au wa sinema?

KinyoziNtinda: Wakuu habari za jioni. Nafungua saluni ya wanaume hapa Ntinda, Kampala, mwisho wa mwezi, jina lake Makucha, na kuna jamaa tumekubaliana anichoree Wolverine mkubwa, yule shujaa wa katuni za Marvel mwenye makucha mikononi. Sasa anataka nimpe picha ya kufuata, nimepakua tatu kwenye simu na nimekwama. Ya kwanza ni ya zamani ya mchoraji John Byrne, nguo za kahawia. Ya pili ya mchoraji mwingine, Jim Lee, njano na bluu, misuli mpaka kwenye masikio. Ya tatu Hugh Jackman wa sinema, kavaa vesti tu. Ipi itavuta wateja? Nataka kujua kabla ya Jumamosi, adivansi nimeshatoa.

MzeeWaKatuni: Byrne. Hakuna cha kujadili hapo. Alichora X-Men, katuni za kundi la Wolverine, kuanzia 1977 mpaka 1981, zile nguo za kahawia zenyewe zilitoka 1980 mikononi mwake. Wolverine ni mtu mfupi ssebo, futi 5 na inchi 3, mpana, shingo hakuna. Jackman anapita futi 6, yule ni Wolverine aliyevutwa.

AruaBoy: Mzee umeanza. Jim Lee ndiye aliyeuza, X-Men namba 1 ya 1991 ilipita nakala milioni 8. Na hiyo njano mtu anaiona akiwa juu ya boda bila kupunguza mwendo. Kahawia ya Byrne kwa vumbi la barabara zetu baada ya wiki mbili hujui ukuta ni upi na Wolverine ni yupi.

DadaTororo: Nyinyi mnagombana na huyu hajatuambia kitu. Kaka, ukuta wako una ukubwa gani? Picha inakaa ndani au nje? Mchoraji anatumia brashi au rangi ya kupuliza? Umewahi kuona kazi yake au umeonyeshwa picha WhatsApp tu?

KinyoziNtinda: Iko nje dada. Brashi. Nimeona WhatsApp.

DadaTororo: Haya.

MifupaTu: Mimi nasoma fiziotherapia na hii mada inaniumizaga roho. Chochote utakachochagua, angalia mkono kwanza. Kunja ngumi sasa hivi uangalie, ukiacha dole gumba una vifundo vinne na katikati yake mianya mitatu. Makucha ni matatu. Kwa hiyo yapite kwenye mianya, kila moja kati ya mifupa miwili ya kiganja. Wachoraji wavivu wanayatoa juu ya vifundo vyenyewe, yaani kucha limepasua mfupa wa kiganja kwa urefu, huyo hata kijiko hashiki tena. Halafu urefu. Kwa maelezo ya Marvel wenyewe ni kama futi moja, yakiwa yamefichwa yanalala kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, ndiyo maana wakati yanatoka mkono lazima uwe umenyooka, yakishatoka yote ndiyo anaweza kukunja kifundo hicho cha mkono. Sasa chukua michoro ya miaka ya 90, pima kucha kwa vidole viwili hapo hapo kwenye picha, halafu pima kigasha. Kucha linapita kiwiko! Likirudi ndani mwisho wake wa nyuma unatokea wapi, kwapani?

AruaBoy: Daktari huyu mtu anapona risasi ya kichwa, wewe unapima kigasha.

MifupaTu: Kupona ni nguvu yake, sawa. Nafasi ya kuweka kitu ni nafasi, haina nguvu.

MzeeWaKatuni: Kwanza mwanzoni hayakuwa hata sehemu ya mwili. Alipotokea kwenye kitabu cha katuni cha Hulk namba 181 mwaka 1974, kachorwa na Herb Trimpe kwa ubunifu wa John Romita, msomaji aliona glovu zenye makucha basi, na maski ilikuwa na masharubu ya paka. Ni X-Men namba 98 ya 1976, Dave Cockrum ndiye mchoraji, ndipo anavuliwa glovu na makucha yanatoka kwenye nyama. Wenzake wenyewe walishtuka. Ndiyo maana ukiangalia zile za zamani kuna vijisanduku nyuma ya glovu, makucha yanatokea hapo juu ya kiganja. Byrne alivibakiza na ni sahihi kwa wakati wake, usije ukamlaumu kwa anatomia.

MifupaTu: Silaumu mtu, nasema asitoe vifundoni.

BusiaMpakani: Ngoja niwape yangu maana huyu ndugu anaelekea kule kule. Nilikuwa na kibanda cha simu hapa karibu na mpaka, nikamchukua kijana mmoja anichoree huyu huyu Wolverine, naye nilimwona WhatsApp kazi safi kabisa (baadaye nikagundua zile picha si zake). Akaja Jumatatu akachora kichwa, kichwa kizuri, nikampa hela ya chakula. Jumanne hakuja. Jumatano kaja na mdogo wake, yule mdogo ndiye akafanya mikono. Narudi jioni nakuta mkono wa kulia makucha manne, wa kushoto matatu, na madole gumba yote mawili yameangalia upande mmoja, yaani mtu ana mikono miwili ya kulia. Namuuliza kaka mtu, ananijibu la nne ni la kubalansi picha. Banange! Nikasema basi futa, akasema rangi ya kufutia ni hela nyingine. Makucha yenyewe kayapaka kijivu kilichopauka, hayana mng'ao wala ncha, yamening'inia tu. Wiki ile mama mmoja anasimama pale kibandani ananiuliza reki bei gani. Nikamwambia hatuuzi reki, akaninyooshea kidole ukutani, na hizo? Mvua ya kwanza rangi ikaanza kubanduka magamba, kumbe hakupiga hata msasa. Yakabaki makucha tu, uso umekwenda.

AruaBoy: Reki 😂😂😂 nimemwaga chai

FundiBrashi: Mimi ndiyo kazi yangu hii, mabango na milango. Kinyozi hujajibu vizuri, nje ni wapi? Plasta, tofali au chuma?

KinyoziNtinda: Ni kwenye mlango. Ile milango ya chuma ya duka, vipande viwili vinavyofunguka nje.

DadaTororo: Yesu wangu. Ndiyo unasema sasa?

FundiBrashi: Basi picha zote tatu hazifai kama zilivyo. Saa za kazi mlango uko wazi, kipande kimoja kimelala ukutani kulia, kingine kushoto, na upande wa nje umeelekea ukuta. Mteja wa mchana hamuoni Wolverine kabisa, anamuona askari wa usiku. Labda uchore upande wa ndani, kila kipande ngumi moja kubwa na makucha matatu, ukifungua ngumi moja iko kila upande wa mlango na kiti kiko katikati. Ile ya kukunja mikono kifuani iache, ukifungua tu umemkata. Na chuma kinataka msasa, redi oksaidi ya kuzuia kutu, kikauke, ndiyo rangi ya mafuta. Makucha usiweke kijivu peke yake, mstari mweupe mwembamba upande mmoja, mweusi upande wa pili, ndiyo yanaonekana kukata.

MzeeWaKatuni: Ngumi bila uso? Watu watajuaje ni Wolverine?

AruaBoy: Glovu ya bluu mzee. Jim Lee kashinda.

MzeeWaKatuni: Bluu ilikuwepo 1974 kabla ya Jim Lee kushika penseli ya kulipwa!

DadaTororo: Kwani lazima mzungu? Saluni ni Makucha, chora simba wa kule mbugani Ishasha yuko juu ya mti, hulipi Marvel kitu.

MifupaTu: Au nyegere. Wolverine yule mnyama wa kweli ni wa ukoo mmoja na nyegere, msidhani ni mbwa mwitu.

BusiaMpakani: Nyegere na sifa zake za kushambulia wanaume sehemu ile? Nani atakaa kwenye kiti hicho na wembe uko mkononi.

AruaBoy: 😂😂 saluni itafungwa kabla haijafunguliwa

KinyoziNtinda: Wakuu mchoraji kanipigia, anasema upande wa ndani ni bei nyingine kwa sababu kuna komeo na kitasa. Na yeye anampenda wa sinema kwa sababu hana maski, sura anaiweza. Sasa nabaki wapi?

FundiBrashi: Muulize ngumi anaiweza? Mwambie achore moja kwenye karatasi mbele yako, uhesabu.

MzeeWaKatuni: Na vijisanduku vya glovu asivisahau.

MifupaTu: Vijisanduku aache.

TaksiYaJinja: Samahani nimechelewa kusoma. FundiBrashi, kioo cha nyuma cha taksi unachaji ngapi? Nataka Hulk.