Mjadala: "Jike dume" ni sifa au ni kumshusha mwanamke?

Wanajamvi, naomba tulijadili hili.

Juzi nilikwenda mnadani kununua mbuzi wa akika. Dalali akamnyanyua mbuzi mmoja mkia: "Huyu jike, hajazaa bado." Sawa, hapo neno liko mahali pake. Mara fuso likaingia kinyumenyume, katikati ya watu na mifugo, likatulia sawasawa pa kushushia. Akashuka dereva, mama wa makamo, kajifunga kanga kichwani. Dalali yule yule akapaza sauti: "Mnaliona jike lile? Jike dume hilo!" Watu wakashangilia. Mama hakucheka. Alifungua mlango wa nyuma, akaanza kuhesabu ng'ombe wake.

Sikilizeni sarufi. Mbuzi kaitwa "huyu", tena "hajazaa". Mama kaitwa "lile", "hilo". Kiswahili humpa mnyama upatanisho wa kiumbe hai, iwe paka au tembo. Mwanamke ndiye aliyeshushwa mpaka ngeli ya jiwe na jembe.

Najua nitajibiwa: "Mbona hata mwanamume huitwa dume?" Kweli. Mzizi -ke umetupa mke, kike, jike. -Ume umetupa mume, kiume, dume. Ni maneno pacha, ila hayakulelewa sawa. Mwambie mwanamume "wewe dume" uone anavyovimba kifua. Mwambie mwanamke "wewe jike" uone kama mtaagana salama. Ili "jike" liwe sifa, lazima libandikwe "dume". Basi kinachosifiwa pale ni uanaume aliokopeshwa, na kurudisha fuso kwa ustadi kunabaki bila mwenyewe. (Shambani ni kinyume: mpapai dume hukatwa, jike huachwa.)

"Simba jike" sina ugomvi nalo, maana linabeba ujasiri wa mnyama mwenyewe. Na Mekatilili wa Menza, aliyewaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, anakumbukwa kwa jina lenye maana ya mama wa Katilili. Umama haukumpunguzia ushujaa.

Dada zangu mnaoendesha malori na bodaboda, mnaochomelea vyuma, ningependa ninyi mtangulie kusema: mkiitwa hivyo mnasikiaje? Mimi nilipaswa kumwambia dalali, "Yule ni mama, kaka." Nilinyamaza, kwa kuwa bei ya mbuzi ilikuwa bado haijakatika, na hilo linaniuma mpaka leo.