Kazi za nyumbani Saudia: safari zipigwe marufuku au la?

Mkaazi_Umoja1
Jameni, tuongee bila siasa. Wasichana wetu wanarudi uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, ndani ya sanduku, wengine na alama za pasi mgongoni. Serikali ilishawahi kufunga hizi safari, ikafungua tena. Mimi nasema zifungwe kabisa. Shemeji yangu mwenyewe anaondoka wiki hii. Amelipiwa kila kitu: vipimo, viza, tiketi, hata basi la kumfikisha uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, na pesa ya chakula njiani. Sijui nifurahi au nilie. Mnaonaje?

Kobe_wa_Kayole
Ufunge halafu uwalishe wewe? Mtaani kwetu kuna mama aliyejenga nyumba ya mawe na kusomesha watoto watatu kwa pesa ya Jeddah. Ukifunga mlango watu watapita dirishani, na dirishani ndiko walanguzi wanangoja. Na wanaolia sana humu ndio hao hao wamefungia kitambulisho cha yaya kwenye droo.

MamaPendo_Syokimau
Droo unaijua wewe Kobe? Cha msichana wangu nakiweka mimi, na sijifichi. Aliyemtangulia aliondoka na simu mbili na sufuria zangu zote za harusi. Nilirudi kazini nikakuta mtoto wa mwaka mmoja ndani peke yake, mlango umefungwa kwa nje, analia mpaka sauti imeisha. Siku ukipitia hayo uje unifundishe droo.

Kobe_wa_Kayole
Pole kwa sufuria. Huyu wa sasa aliiba nini?

Bonoko_Halisi
😂😂😂 Nimevuta kiti.

Wakili_Uchwara
Tusichanganye mambo. Ulanguzi wa watu ni kigoda cha miguu mitatu, ndivyo Itifaki ya Palermo ya 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa, ilivyokichonga na sheria yetu ya Kenya ya 2010 ikafuata. Mguu wa kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea, kumficha. Wa pili ni njia: uongo, vitisho, nguvu, kutumia shida zake. Wa tatu ni lengo, yaani kumnyonya. Kuweka kitambulisho peke yake si ulanguzi, ila ni dalili ambayo wapelelezi huiulizia. Akiwa chini ya miaka 18, mguu wa pili hauhitajiki kabisa. Mama Pendo, msichana ana miaka mingapi?

MamaPendo_Syokimau
Unaniuliza umri wa watu wangu kama nani? Ana kumi na tisa. Anakula tunachokula na anaoga maji moto. Umewahi kuchemshia mtu maji wewe?

Kobe_wa_Kayole
Na mshahara? Agizo la 2024 la mshahara wa chini linasema shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, kwa Nairobi.

MamaPendo_Syokimau
Hizo senti 75 ziliandikwa na mtu ambaye yaya wake namlipia mimi kwa kodi yangu. Mwambie aje anionyeshe Syokimau nzima nani analipa hivyo.

Bonoko_Halisi
Mnapiga domo na mtu akishikwa anapewa miaka kumi, anahonga, anatoka.

Wakili_Uchwara
Si kumi. Sheria inasema isiyopungua 30, au faini isiyopungua milioni 30, au vyote viwili. Kuhonga sina jibu.

Kijana_Dijitali
Shida ni hawa wasichana hawasomi mkataba. Mtu hajui hata Dammam iko wapi kwenye ramani, anatia sahihi tu.

Nilirudi_Salama
Mimi ni mmoja wa hao wasiosoma. Nina diploma. Mkataba niliutia sahihi juu ya boneti ya gari, pale maegesho ya uwanja wa ndege, ajenti akiangalia saa yake. Kurasa sita, Kiarabu kitupu. Kalamu ilikuwa inakwama, akailamba ncha akanirudishia. Ungekuwa wewe, ndege inaondoka, mama yako ameuza ng'ombe, ungesema ngoja nitafute mkalimani?
Nilipofika, dereva alichukua pasipoti kabla sijafunga mkanda. Niliambiwa familia moja, nikakuta ni nyumba tatu za ndugu, zote zangu. Kulala ni saa nane usiku. Riyali 900 nililipwa miezi miwili, halafu mama mwenye nyumba akasema amenigharamia, nilipe deni kwanza. Mama Pendo, sikutukani. Ila wangu pia alisema anaiweka pasipoti isipotee.

MamaPendo_Syokimau
Pole sana dada yangu. Lakini usinifananishe na Waarabu.

Said_wa_Eastleigh
Na sisi Waarabu wa Kenya tumefanya nini tena?

*(Hapa walibishana karibu machapisho arobaini kuhusu Waarabu, Waswahili na nani aliuza nani Zanzibar.)*

Kijana_Dijitali
Dada samahani, nilikuwa nasema kwa jumla.

Shuka_Mwisho
Dijitali, kijana tuliyesoma naye chuo alipata kazi ya huduma kwa wateja Thailand. Kompyuta anazijua kuliko wewe, Kiingereza kama cha redioni. Kutoka Bangkok akaendeshwa gari usiku kucha hadi Mae Sot, akavushwa mto, akajikuta Myanmar kwenye kambi yenye walinzi wenye bunduki. Kazi ilikuwa kutapeli Wazungu mapenzi mtandaoni. Wakenya waliokolewa kule kwa makundi. Kusoma hakukusaidia. Alichokumbuka baadaye ni kwamba hakufanyiwa usaili wowote wa maana. Mshahara mkubwa, maswali mawili, hongera umepita.

Kobe_wa_Kayole
Nani alikosa kupita usaili wa maswali mawili humu?

Kimya_Kimya
Nimesoma kurasa zote tatu. Mkaazi, shemeji yako yuko Nairobi, JKIA iko hapa Embakasi. Kwa nini apelekwe Entebbe kwa basi?

Mkaazi_Umoja1
Ajenti alisema tiketi ya huko ni rahisi.

Kimya_Kimya
Viza yake inasema kazi au utalii? Jina la ajenti liko kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya ajira ya serikali? Wanaichapisha, ni dakika mbili kuangalia. Ameambiwa aseme nini akiulizwa mpakani Malaba?

Mkaazi_Umoja1
Aseme anaenda harusi ya rafiki Kampala. Orodha sijaangalia. Viza sijaiona, ajenti amesema atampa kule kule uwanja wa ndege.

Kimya_Kimya
Anaondoka lini?

Mkaazi_Umoja1
Leo. Basi ni la saa mbili usiku.

Nilirudi_Salama
Sasa ni saa moja na nusu. Mpigie.

Mkaazi_Umoja1
Nampigia. Inaita tu.

MamaPendo_Syokimau
Kobe, bado sijamaliza na wewe. Hizo sufuria zilikuwa za mama yangu.