Tupeane uzoefu: umefunga diski mpya, kompyuta ikagoma kuwaka. Ulifanyaje?

Kopi Mia Mia
Wakuu, salaam. Nina kasteshenari kangu huku Mbagala. Kopi, picha za paspoti, na siku hizi kuhamisha CD na DVD za zamani kwenda kwenye flashi. Watu wana CD za harusi, za kwaya, za mazishi, na nyumbani deki zilishakufa zamani. Wiki iliyopita mzee mmoja kaniachia DVD kumi na nane kwenye bahasha ya kaki, drivu yangu ikaanza kukwaruza, haisomi kitu. Nikaenda Kariakoo nikanunua nyingine ya mtumba, elfu kumi na tano.

Nimefungua kesi, nimetoa ya zamani, nimechomeka mpya. Kuwasha: feni inazunguka, skrini nyeusi, inalia pii, pii, pii. Nikachomoa kila kinachochomoka nikarudishia, na betri ya saa nikaitoa, kijana wa jirani anayetengeneza simu ndiye aliyenishauri. Sasa hailii tena. Inafika kwenye nembo ya Windows 7, inapiga bluu kufumba na kufumbua, inajizima, inajiwasha upya. Tangu jana asubuhi ni hivyo hivyo. Hata nimerudisha drivu ya zamani, bado.

Mzee wa DVD anakuja Ijumaa. Waliowahi kupitia hii, leteni visa vyenu na mlivyojinasua.

Jirani Mwema
Naweka kigoda hapa. Yangu ilinifanyia hivi hivi mwaka juzi, nikaiuza kama chuma chakavu.

Bisibisi Nyota
Swali moja: baada ya kutoa betri, uliingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayotangulia Windows, kurudisha mipangilio?

Kamanda Feni
Hapo ni pawa saplai, msimchoshe mtu na maswali. Hizi zetu zimeandikwa wati 500 ubavuni, ukizinyanyua nyepesi kama kopo la maziwa tupu. Ukiongeza mzigo wowote zinapiga magoti. Nunua nyingine, uzi ufungwe.

Mwanachuo wa Zamani
Mmenikumbusha Morogoro, mwaka wa tatu, nina ripoti ya utafiti. Laptopu yangu ilikuwa nzito, nikaambiwa weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, mahali pa hadi diski, halafu hadi diski ya zamani ihamie pale kwenye drivu ya DVD kwa kutumia kile kifremu chake. Nikaagiza kifremu. Kilipofika nikakisukuma hakiingii! Kumbe vipo vya milimita 12.7 na vya 9.5, yangu inataka chembamba. Nikarudi mjini kubadilisha, nauli mara mbili.

Kikaingia. Kuwasha, nembo ya kampuni, halafu kimya. Nusu saa nzima nakodolea nembo. Ubavuni mwa kile kifremu kuna kiswichi kidogo, kinasogezwa kwa ncha ya pini, na hakuna karatasi inayosema kinafanya nini. Nikakisogeza upande wa pili, ikawaka, lakini inawaka na Windows ya zamani, SSD inaitazama tu kama mgeni. Ilibidi niingie BIOS niiambie ianze na SSD. Siku tatu zimekwenda hapo. Ripoti nilikabidhi kwa kuchelewa, msimamizi hakutaka kusikia habari za kiswichi.

Nyanya Chungu
Laptopu ya ofisi. Niliongeza SSD ya pili, nikagusa mpangilio wa kuwasha. Kuwasha tena ikataka namba 48 za kufungulia diski. Arobaini na nane! Nani anazo? Zilikuwa kwenye akaunti ya mtu niliyempokea kiti, na tuliachana vibaya. Sitaki kuongea zaidi.

Jirani Mwema
Nyanya Chungu rudi umalizie bana.

Mpiga Picha Mstaafu
Nimesoma hizo pii pii pii nikahisi tumbo linacheza. Acha niseme, miaka imepita.

Tanga, 2008. Nilikuwa napiga video za harusi, kamera ya kanda zile ndogo za MiniDV, nahariri nyumbani kwenye Pentium 4 ya mtumba. Hadi diski gigabaiti 80. Saa moja ya video ya kanda zile inakula kama gigabaiti 13, kwa hiyo harusi moja tu diski imejaa hadi shingoni. Kanda zilikuwa ghali kwangu, hivyo nikishahamisha picha kwenye kompyuta, kanda ile ile naitumia kwa kazi nyingine. Wajuzi wameshaanza kushika vichwa, najua.

Nikapiga harusi ya Muheza. Siku tatu. Nikahamisha zote. Kanda nikazirudisha kazini. Iliyobaki ni kuandika DVD, na raita yangu ikafa. Nikanunua mpya, zile za waya mpana kama utepe. Nikaifunga waya mmoja na hadi diski, sikugusa vile vijampa vya nyuma, vijiplastiki vya kuchagua ipi iongoze. Kumbe drivu imewekwa masta, yaani kiongozi, na hadi diski nayo masta. Mafahali wawili zizi moja! Nikawasha, maandishi meupe yananiambia hakuna diski ya kuwashia.

Nikaita fundi. Kijana msafi, ana begi. Akatazama dakika mbili, akasema hadi diski imeharibika upande wa Windows, ngoja nikuwekee upya. Mimi nikaenda kununua soda. Nawaapia, nilikwenda kumnunulia SODA. Narudi nakuta kishachomoa raita, diski imeonekana, kaifomati yote na Windows XP iko dakika ya thelathini na tisa. Nikamuuliza, na video? Akaniuliza, video gani?

Nilikaa chini sakafuni. Soda niliinywa mimi.

Nikapewa programu ya kufukua vilivyofutwa, ikakesha siku mbili na usiku wake. Ikarudisha vipande. Saa nzima ya watu wanakula pilau. Watoto wanagombania maputo. Shemeji mmoja analala kwenye kiti, huyo karudi mzima kabisa, sekunde hata moja haijapotea. Lakini bwana harusi kuingia chumbani kumpa mkono bibi harusi, hakuna. Na bibi yake na bibi harusi, mzee mno, kamshika kichwani anamwombea dua, hakuna. Na yule bibi alifariki kabla sijapeleka kazi.

Kopi Mia Mia
Dah.

Kamanda Feni
Fundi hakuwa na kosa. Wewe ndiye hukuweka nakala.

Mtoto wa Makorora
Kamanda una roho ya chuma. Mtu anaitwa kwenye kompyuta isiyowaka, kitu cha kwanza ni kurudisha ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Alikuwa achomoe raita, awashe, angalie. Alichomoa akafanikiwa, halafu ndiyo akafomati! Huo ni ufundi?

Kamanda Feni
Enzi zile kulikuwa na waya wa nyuzi 80, ukiweka vijampa vyote upande wa kujichagua, waya unaamua wenyewe. Ncha ya bluu kwenye mazabodi, ile bodi kuu, nyeusi ya mwisho ni masta, ya kijivu katikati ni slevu, mfuasi wake. Hakuna kugombana. Hayo ya mafahali ni hadithi.

Mtoto wa Makorora
Mashine za mtumba nyingi zilikuja na waya wa nyuzi 40, na nao si wote walioweza kujichagua. Usilete vitabu.

Bisibisi Nyota
Kopi Mia Mia, hujajibu swali langu. Na hiyo bluu ina namba chini. Kama inapita haraka, washa huku unabonyeza F8, chagua izuie kujiwasha yenyewe, halafu utuandikie namba.

Shangazi Flashi
Tuachane na diski kwanza. Bibi harusi alifanyaje???

Mswahili wa Muscat
Nami niongeze. Huku nilinunua diski ya nje ya terabaiti nane, bei ya ofa, nikaivua kava nikaifunga ndani ya kompyuta. Imekufa kabisa, hata kutetemeka haitetemeki. Nikaihamishia kwenye kompyuta nyingine, inafanya kazi. Nilikaribia kuamini jini. Kumbe diski za namna hii pini ya tatu ya umeme siku hizi ni ya kuizimisha, na pawa saplai za zamani zinapeleka volti 3.3 pale pale. Yaani unaiwasha huku unaiamuru ilale. Nikaziba pini na kipande cha tepu ile ya njano isiyoungua, inafanya kazi hadi leo.

Kamanda Feni
Selotepu ndani ya kompyuta 😂😂 Nyie mtaunguza nyumba za watu.

Mswahili wa Muscat
Nimesema si selotepu. Mwenye kuunguza nyumba ni yule anayetumia zile adapta za bei chee za kugeuza plagi kubwa ya pini nne kuwa ya SATA, aina ya diski za siku hizi, zilizomiminiwa plastiki. Waya ndani zinakaribiana, siku moja zinagusana.

Jirani Mwema
Hiyo ya adapta naunga mkono. Moshi wake una harufu kama kandambili inayoungua.

Raha ya Likoni
Niko Mombasa. Mimi niliweka ile SSD ndogo kama kadi, inayolala bapa juu ya mazabodi. Mashine ikawaka vizuri, lakini diski yangu ya kazi imetoweka! Fundi wa kwanza akataka elfu tatu aikague diski. Nikarudi nikasoma kitabu cha mazabodi, maandishi ya mchwa: ukijaza nafasi hii, tundu la SATA la tano na la sita yanazimwa. Nikahamishia waya tundu la pili. Sikutoa hata shilingi.

Babu Linux
Weka Linux, mtakuja kunishukuru.

Mtoto wa Makorora
Babu, mtu ana DVD kumi na nane na Ijumaa inakuja.

Shangazi Flashi
Kopi, zile pii pii pii ni RAM, vile vibao vya kumbukumbu. Ulipokuwa unasukuma drivu kiwiko kiligonga, ikalegea. Mimi huwa nazitoa nasugua yale meno ya dhahabu na ufutio wa penseli, nazirudisha hadi zilie ka!

Kamanda Feni
Ufutio unakwangua dhahabu.

Shangazi Flashi
Nakwangua tangu 2011, mashine ziko hai. Mpiga Picha, tunakusubiri.

Kopi Mia Mia
Samahani wakuu, umeme ulikatika. Shangazi yuko sahihi, pii pii iliisha nilipozikandamiza RAM. Nimefuata F8. Namba ni 0x0000007B. BIOS sijaigusa, naiogopa.

Bisibisi Nyota
Ndiyo hiyo. Drivu mpya haina kosa, na ya zamani pia kwa hili haina. Ulipotoa betri, BIOS ilisahau kila kitu ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Windows yako iliwekwa wakati SATA iko kwenye AHCI, namna mpya ya kuongea na diski, sasa BIOS imerudisha IDE, namna ya zamani. Windows inaanza kupanda, inatafuta diski kwa njia iliyoizoea, haioni, inaanguka. Ingia BIOS, kwenye mashine nyingi ni kitufe cha Delete au F2, tafuta palipoandikwa SATA, geuza kutoka IDE kwenda AHCI, hifadhi, toka. Rekebisha na tarehe. Usifomati kitu.

Kamanda Feni
Ikishindikana, pawa saplai.

Mpiga Picha Mstaafu
Shangazi, sikutaka kuendelea kwa sababu naonekana mjinga mara mbili.

Nilikwenda Muheza na DVD ya pilau. Mama mtu aliitazama dakika kumi, akaizima, akasema, "Mwanangu, hapa mimi nimenunua biriani?" Bwana harusi alitaka turudie: wavae, aingie chumbani, ampe mkono tena. Gauni lilikuwa la kukodi, limesharudi Tanga. Na bibi mtu tutamrudia vipi? Nikarudisha pesa zote. Nikauza kamera miezi mitatu baadaye.

Kabla ya kuiuza nikawa nakagua kanda, ipi nzima nimpe mnunuzi. Moja niliirekodia juu mahafali ya chekechea. Watoto wanaimba, wanapewa vyeti, mwalimu mkuu anaaga. Kama dakika ishirini na tano. Picha ikachafuka kidogo, vichenga vya mraba, halafu chumba. Udi unafuka. Bibi kamshika mjukuu kichwani, midomo inacheza. Kanda ya dakika sitini, mahafali yalikula mwanzo tu, na mimi wakati wote ule nahangaika na hadi diski sikuwahi kuisukuma mbele nione.

Shangazi Flashi
Mbona naandika huku nalia. Ulipeleka?

Mpiga Picha Mstaafu
Nilipeleka kanda yenyewe na kamera yake, tukaiunga kwenye televisheni yao. Kumpa mkono hakumo, mahafali yalifuta kipande hicho. Lakini bibi yumo. Mama mtu hakunipa pesa na mimi sikuomba, alinifungia mihogo na nazi.

Jirani Mwema
Sasa yule fundi wa soda yuko wapi?

Mpiga Picha Mstaafu
Ana duka. Kubwa.

Kopi Mia Mia
IMEWAKA! Ilikuwa IDE kweli, nimeweka AHCI, Windows imefunguka na mafaili yote. Bisibisi Nyota nakudai anwani ya baraka. Nimerudisha drivu mpya kwa uangalifu, kiwiko mbali na RAM. Inasoma.

Mzee nimempigia, nikamuuliza kama ana nakala za hizi DVD popote. Akasema nakala za nini, si ndizo hizo. Basi ya kwanza imemaliza, ya pili imemaliza. Ya tatu imefika asilimia 62 imesimama, ina mkwaruzo mrefu. Nimeiosha kwa maji na sabuni kidogo, nimeikausha kwa kanga, nairudia polepole. Duka nimelifunga mlango nusu, asiingie mtu na kiwiko.