Subaru STI inakosa pumzi mlimani, fundi anasema nifunge pampu kubwa ya mafuta. Naombeni ushauri

BahiRoad
Wakuu, habari za muda huu. Gari ni Impreza WRX STI ya 2003, injini EJ207, tabo ya kiwandani. Bomba la moshi limebadilishwa, kompyuta imepangwa upya, busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) ni bari 1.1. Pampu ya mafuta ni ileile iliyokuja na gari.

Ikipanda Saranda kuelekea Manyoni, gia ya nne, kuanzia mizunguko 4,500 nguvu zinapungua taratibu kama gari inayoishiwa mafuta. Ukitoa mguu inapona. Tanki likiwa zaidi ya nusu tatizo ni dogo, likifika robo ndiyo balaa. Ukiizima mchana ikiwa ya moto, kuwaka ni mpaka uchokoze starta mara mbili tatu. Taa ya cheki injini haijawaka. Plagi ni mpya, pengo milimita 0.75.

Fundi hapa Dodoma kasikiliza tu, kasema pampu imechoka, nifunge Walbro 450, yaani pampu ya lita 450 kwa saa. Ninunue, au kuna vya kupima kwanza? Natanguliza shukrani.

MzeeWaGeji
Usinunue kitu. Kwanza hesabu: injini ya tabo inakula kama gramu 270 za petroli kwa kila nguvu-farasi moja kwa saa. Ukiwa na farasi 300, hiyo ni kilo 81, sawa na lita 110 kwa saa. Ongeza asilimia 20 ya tahadhari, unafika lita 132. Pampu nzima ya lita 255 inatosha na chenji inabaki. Hiyo 450 itakuletea shida nyingine.

Sasa pima presha. Chomoa soketi ya pampu, washa injini mpaka ijizime yenyewe, ndipo ufungue bomba. Funga geji kwa kiunganishi cha T kati ya filta ya mafuta na reli ya nozeli. Unatafuta namba tatu:

1. Injini inaunguruma bila mzigo, mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) umechomekwa: bari 2.1 hadi 2.4.
2. Mpira huo umechomolewa na kuzibwa: bari 2.8 hadi 3.1.
3. Kwenye busti: namba ya pili jumlisha busti. Ukipata 2.9 ya kwanza na busti 1.1, geji isome 4.0 na ikae hapohapo mpaka mwisho wa mizunguko.

Kwa Dodoma namba ya kwanza ikizidi kidogo usishtuke. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo vakyumu ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) inasomeka ndogo kuliko Dar na regyuleta inabakisha presha kubwa zaidi kama bari 0.1. Namba ya pili haibadiliki.

Kwa kipimo cha tatu tumia mpira mrefu wa presha, geji uifunge kwa utepe nje ya kioo cha mbele uisome ukiwa ndani. Usiingize mpira wenye petroli ndani ya kabati hata kwa dakika moja.

Kibaigwa_Fasta
Presha sawa, ila busti kat nayo inaleta hivyo. Kompyuta ikiona hewa imezidi inakata mafuta.

MzeeWaGeji
Busti kat inapiga kama umegonga ukuta, gari inatikisika. Yeye anasema taratibu. Na busti kat haina habari na robo tanki.

Waya4mm
Nakazia hapo kwenye robo tanki. Gari hii ina propela (shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma) inayopita katikati, kwa hiyo tanki lina matumbo mawili. Pampu inakaa tumbo moja tu. Mafuta ya tumbo la pili yanavutwa na jeti, kifaa kisicho na mota: kinaendeshwa na mafuta yanayorudi kutoka kwenye regyuleta. Pampu ikidhoofika na injini ikala karibu yote, yanayorudi ni kidogo na jeti inaacha kuvuta. Tumbo la pampu linakauka huku geji ya dashibodi inasema robo ipo. Mlimani ni mbaya zaidi, maana injini inakula sana kwa muda mrefu mfululizo.

Kwa hiyo dalili zako mbili, ya mlima na ya robo tanki, zinaweza kuwa ugonjwa mmoja. Gari ikianza kuleta shida, simama, toa kiti cha nyuma, fungua kifuniko cha upande usio na pampu uangalie kina. Ukikuta mafuta mengi huko na kidogo upande wa pampu, umeshapata jibu la nusu.

Nusu nyingine ni umeme. Walbro 255 inapimwa kiwandani kwa volti 13.5. Ukiipa 11, lita zinashuka sana na mpya inaonekana mbovu. STI ina kontrola ya pampu huko nyuma, inapunguza mwendo wa pampu hatua tatu: theluthi, theluthi mbili, kamili. Ndiyo maana mtu akipima volti gari ikiwa imesimama anapata namba ndogo na kusema wayaringi imeoza. Pima kwenye mzigo.

Kipimo ni hiki: waya mrefu kutoka chanya ya betri mpaka chanya ya soketi ya pampu, mita katikati. Kisha hasi ya betri mpaka hasi ya pampu. Mtu mmoja aendeshe, mwingine asome. Kila upande usizidi volti 0.3.

ZuzuMlimani
Rahisi tu, ruka kontrola, peleka umeme moja kwa moja na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme). Tatizo kwisha.

Waya4mm
Rilei ni nzuri, kuruka kontrola ndiyo ya kufikiria. Pampu kubwa ikikimbia kasi kamili muda wote kwenye foleni, regyuleta ya kiwandani na bomba la kurudishia vinashindwa kuyapitisha. Chomoa mpira wa vakyumu uone: badala ya 3.0 inasoma 3.4, injini inakunywa, plagi nyeusi. Halafu mafuta yanazunguka reli yenye moto na kurudi tankini yakiwa ya moto. Kwa joto la Oktoba na mwinuko huu, petroli inatoa mvuke mapema, na kuwaka kwa shida ikiwa ya moto kutaongezeka. Hapo ndipo 450 inapomkosesha mtu raha.

Kwa 255 kontrola ibaki. Ukitaka 340 na kuendelea, weka rilei na regyuleta kubwa pamoja.

MzeeWaGeji
Kabla hajatoa pampu apime ujazo pia. Bomba la kurudishia liingie kwenye chombo cha chuma, chombo kiunganishwe na bodi kwa waya ili umeme tuli usiruke cheche. Endesha pampu sekunde 15 kamili, pima, zidisha kwa 240. Lita 0.6 ni lita 144 kwa saa. Fanyia nje, mtungi wa zimamoto wa unga mkononi, na jiko la mkaa la mama lishe wa jirani lisiwe upande upepo unakoelekea.

BahiRoad
Mrejesho. Vakyumu imechomekwa 2.4, imechomolewa 2.9. Kwenye busti 1.1 inafika 3.6 halafu inashuka mpaka 3.2. Volti za betri 13.8, kwenye soketi ya pampu 11.0. Upungufu wa chanya 0.9, wa hasi 1.9. Ujazo lita 0.5 kwa sekunde 15. Tumbo la pili lina mafuta ya kutosha, la pampu yamebaki chini kabisa.

Waya4mm
Volti 2.8 zinapotea njiani, na sehemu kubwa ni hasi. Gusa mita kati ya pini ya hasi ya kontrola na bodi tupu, pampu ikiwa kwenye mzigo. Ukipata karibu na zile 1.9, ni nati ya hasi: fungua, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, paka grisi, kaza. Ukipata karibu na sifuri, shida ni kontrola yenyewe au waya wake wa kwenda kwenye pampu.

Ukitengeneza upande wa chanya, waya uwe wa milimita za mraba 4 kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 isiyozidi sentimita 20 kutoka betri. Rilei: 30 inapokea betri, 87 inalisha kontrola mahali pa waya wa zamani, 85 hasi, 86 waya wa zamani uliokuwa ukibeba umeme wa pampu. Kwa hiyo ulinzi wa kiwandani unabaki, funguo ikizimwa pampu inazima.

MzeeWaGeji
Lita 0.5 ni 120 kwa saa, tena kwa presha ndogo. Kwa 4.0 hazifiki. Umeme utarudisha nyingi, lakini pampu ya 2003 ukishaifikia usiirudishe. Chukua 255 ya Subaru, GSS342. Walbro za siku hizi ni za TI Automotive, alama zimechorwa kwa leza kwenye mwili wa pampu. Wino unaofutika kwa petroli ni feki.

Mafundi wengi wanaharibu hapa: kipande cha mpira kati ya pampu na mfuniko. Kiwe 30R10, wa kuzama ndani ya mafuta, milimita 8. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kuvumilia petroli kwa ndani tu. Ukiuzamisha unavimba nje, unapasuka, presha inavujia ndani ya tanki na wewe unalaumu pampu mpya. Kagua na mpira wa zamani, huenda nao umechanika. Klampu ziwe za mafuta zinazobana pande zote sawa. Chujio la chini lisigandamane na sakafu ya tanki. Nyaya za ndani ziminywe kwa kiunganishi, usitumie utepe.

Jeti ipulize kwa hewa kinyume cha mkondo. Vumbi la huku na takataka za madumu zinaziba tundu lake dogo. Oringi ya mfuniko iwe mpya, nati zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Filta ya chini ya boneti badilisha siku hiyohiyo.

Kibaigwa_Fasta
Na akishafunga apime mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla hajakanyaga. Kwenye busti hewa iwe 11.0 hadi 11.5 kwa mafuta 1. Ikipanda kuelekea 12.5, toa mguu, pistoni hazisubiri.

BahiRoad
Nimewaelewa wakuu. Naanza na nati ya hasi. Baada ya kufunga nikague vipi kama kuna uvujaji?

MzeeWaGeji
Kiti cha nyuma kikiwa bado nje, funguo kwenye ON bila kuwasha, subiri sekunde tatu, zima. Rudia mara tatu. Pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo, mbele na nyuma. Karatasi ikirudi kavu, washa, pima tena zile namba tatu, kisha rudisha kiti.