Kubadili jina la funksheni bila kuvunja miradi ya watu

mtunza_msimbo: Wakuu, tunatunza fremuweki huria ya wavuti ya Python. Ina `save_field()`, inayoandika kwenye hifadhidata bila kukagua data, na `save_fields()`, inayokagua kwanza. Zinatofautiana herufi moja tu, na watumiaji wanaingiza data mbovu bila kujua. Nyaraka zinalieleza hilo, ila aya ya nne huko. Turekebishe maelezo tu, au na majina? Toleo lijalo ni 3.2.

kodi_safi: Majina kwanza, mkuu. Rails, fremuweki ya wavuti ya Ruby, ilikuwa na jozi ileile: `update_attribute` huruka ukaguzi, `update_attributes` ilikagua. Hiyo ya pili ikapewa jina `update` toleo 4.0, onyo likaja 6.0, ikaondolewa 6.1. Nanyi iteni hatari kwa jina lake, `save_unchecked()`, na la zamani libaki kwa muda:

```
def save_field(self, name, value):
    warnings.warn("Tumia save_unchecked()",
        DeprecationWarning, stacklevel=2)
    return self.save_unchecked(name, value)
```

Bila `stacklevel=2` onyo linaonyesha mstari wa ndani ya fremuweki, na mtumiaji hajui arekebishe wapi.

mrithi_darasa: Hapo kuna mtego. Aliyerithi darasa lenu akaandika upya `save_field()` ataachwa kimya: fremuweki ikianza kuita `save_unchecked()` kwa ndani, msimbo wake hauguswi tena wala hakuna kosa linalotokea. Ndani ya `__init_subclass__`, ambayo Python huiita kila darasa lenu linaporithiwa, angalieni kama `"save_field" in cls.__dict__`, mtoe onyo hapohapo.

Tena Python huficha `DeprecationWarning` (onyo kwamba kitu kitaondolewa) isipotokea ndani ya `__main__`, yaani faili unaloliendesha moja kwa moja. Mwongozo wa kuhama useme wazi: endesha kwa `python -Wd` ili maonyo yaonekane. Wanaotumia pytest, zana ya kuendesha majaribio, wataliona tu.

mtunza_msimbo: Shukrani. Na nyaraka zenyewe?

kodi_safi: Sentensi ya kwanza itaje athari: "Huandika sehemu moja bila kukagua data." Mfano ufuate mara moja, uonyeshe barua pepe isiyo na @ ikipita salama hadi kwenye hifadhidata, hapo msomaji ataelewa kuliko aya tatu za maelezo. Ukurasa wa jina la zamani msiufute, maana injini za utafutaji bado zinawaleta watu pale. Uelekezeni kwenye mpya.

Mifano yote ipimwe kila msimbo unapobadilika, kwa doctest, inayoendesha mifano iliyo ndani ya nyaraka; `-W error` hugeuza onyo kuwa kosa:

`python -W error::DeprecationWarning -m doctest mwongozo.rst`

Msipoweka hiyo `-W error`, mfano wenye jina la zamani utaendelea kufaulu mpaka siku mtakapoliondoa.