Posti ya faiba imechomoka na krauni yake: niirudishe au nihamie ya chuma?

Meno_Moro
Habari zenu wakuu. Nina mgonjwa, mwalimu, jino la mbele la juu. Aliwekewa posti ya faiba (kijiti cha nyuzi kinachosimikwa ndani ya mzizi) na krauni (kofia ya jino) kwenye kliniki nyingine mwaka jana. Juzi anakula muhindi wa kuchoma, vyote vikatoka pamoja, akaniletea vimefungwa kwenye tishu. Posti nzima, na simenti yote imeng'ang'ania juu yake. Ukuta wa mfereji wa mzizi mtupu, na nilipoukwangua nikasikia harufu ya karafuu. Eksirei haionyeshi ufa, gatapacha (mpira wa kuzibia mzizi) chini imebaki milimita 5. Mwenzangu hapa anasema faiba hazina maana, nimtengenezee ya chuma. Mnashauri nini?

Dkt_Pwani
Mkuu, hiyo posti imeshakujibu. Simenti ikitoka na posti huku ukuta ukiwa mtupu, palipoachia ni kwenye dentini, yaani jino lenyewe. Faiba yenyewe haina kosa, na simenti ya bei kubwa zaidi nayo ingechomoka vilevile.

Hiyo karafuu ni yujenoli ya dawa iliyozibia mzizi, nayo inazuia rezini ya simenti isigande vizuri. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni ukuta. Pitisha drili ya posti polepole, kausha, halafu angalia kwa lupu na taa kali. Ukiona bado kuna utando wa rangi ya waridi au sehemu inayong'aa, hapo kuna gatapacha au dawa, rudia. Mimi hupiga eksirei nyingine kabla ya kugusa simenti. Kisha EDTA (dawa ya kusafisha ukuta) ya asilimia 17 kwa dakika moja hivi, umalizie na maji yaliyokenekwa (distilled). Hipokloraiti, ile dawa ya kuoshea mfereji, isiwe ya mwisho kabisa: oksijeni inayoacha ndani ya dentini nayo inaharibu ugandaji.

Tabibu_Kinywa
Naongezea kwa Dkt. Kausha kwa vijiti vya karatasi, usipulizie hewa mpaka dentini ikauke kama kigae. Posti ukishaijaribu mdomoni imeshapata mate, ifute kwa spiriti, paka silani (kiunganishi cha posti na simenti) kama watengenezaji wanaielekeza, na usiishike tena kwa vidole. Simenti iingizwe kwa ncha nyembamba kuanzia chini kupanda juu, vinginevyo unafungia hewa. Mwanga wa taa haufiki vizuri chini, kwa hiyo tumia simenti inayoganda yenyewe pia, na uipe muda kabla ya kuchonga.

Dkt_Pwani
Na kuhusu chuma: chuma cha pua kina ugumu wa takriban gigapaskali 200, dentini ni kama 18 tu, faiba iko karibu nayo zaidi. Chuma kikishindwa, mara nyingi mzizi ndio unaopasuka, na hapo unang'oa. Huyu mwalimu posti imeachia, mzizi anao. Hiyo ni bahati, usiichezee.

Meno_Moro
Asanteni sana wakuu. Jino juu ya fizi limebaki milimita 2 upande wa kaakaa, lakini upande wa nje, wa midomo, haifiki 1.

Tabibu_Kinywa
Hilo ndilo lingenisumbua mimi kuliko simenti. Posti hailipi jino nguvu, inashikilia kiini tu, ile sehemu ya kujengea inayobeba krauni. Krauni inatakiwa ikumbatie jino lenyewe milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka pande zote, la sivyo kila anapong'ata kitu kwa mbele anaichomoa posti kidogokidogo. Ongea na mtu wa kunyoosha meno, mzizi unaweza kuvutwa taratibu ushuke. Kukata fizi na mfupa inawezekana pia, ila kwa jino la mbele fizi itaonekana imepanda kuliko ya jirani yake.

Kabla ya yote pima mfuko wa fizi kuzunguka jino. Ukikuta sehemu moja nyembamba inazama ghafla, shuku ufa hata kama eksirei imenyamaza. Na mwambie mgonjwa gharama na muda mapema, aamue akijua.

Meno_Moro
Nimepima leo asubuhi, pande zote ni milimita 2 hadi 3. Nimemwekea ya muda, Jumatatu anaonana na wa kunyoosha meno.